Mtu na Chombo Chake: Juu ya Kumpima Mtu kwa Mwenziwe

Katika kila kazi ifanywayo kwa chombo pana swali gumu: sifa ni ya nani, ya mtu au ya chombo? Mvuvi arudipo na samaki wengi, je, ni kwa uhodari wake au ni kwa wavu wake mpya? Mshoni ashonapo kanzu ikapendeza, je, ni mkono wake au ni cherehani yake? Wenyeji wa visiwa vya Wabajuni na ufuo wa Kismayu wana sababu ya pekee ya kulifikiri swali hili, kwani miongoni mwa ufundi wao wa kale ni kuvua kasa kwa samaki aitwaye chazo. Chazo hufungwa kamba mkiani, akachukuliwa baharini yu hai. Mvuvi amwonapo kasa humwachilia, naye humwendea kasa na kumganda, kisha mvuvi huivuta kamba pole pole. Kasa akiisha kupakiwa chomboni, tuseme nani aliyemvua? Chazo asingejifunga kamba mwenyewe, na mvuvi asingeweza kumfuata kasa chini ya maji. Sifa zao zimechanganyika kama chumvi katika mchuzi: aonjaye hujua kuwa chumvi imo, lakini hawezi kuionyesha kwa kidole.

Swali hili si la kupitishia wakati barazani. Kwa jawabu lake watu huajiriwa na kuachishwa kazi, hupandishwa na kushushwa vyeo. Sisi walimu hulijibu kila mwisho wa muhula tuandikapo kwamba mtoto huyu ni wa kwanza na yule ni wa thelathini. Basi yafaa tulitazame kwanza mahali ambapo limechunguzwa kwa bidii kubwa, nipo katika mashindano ya magari, halafu turudi nalo darasani.

Katika mashindano hayo nguvu ya chombo ni kubwa mno. Dereva awe hodari namna gani, akipewa gari dhaifu ataachwa nyuma. Na dereva wa kadiri akipewa gari bora aweza kuwapita walio hodari kuliko yeye. Ndiyo maana watu wa mchezo huo wamejiwekea kipimo kimoja wanachokiamini kuliko vyote. Husema: usimlinganishe dereva na wa timu nyingine, maana magari yao si mamoja, mlinganishe na mwenziwe wa timu yake. Hao wawili wamepewa gari la namna moja, mafundi wa karakana moja, na fedha za mfuko mmoja. Kama mmoja amempita mwenziwe, basi chombo hakiwezi kupewa sifa wala lawama. Kilichobaki ni mtu.

Mantiki ya kipimo hiki ni ile ile ambayo baharia angeitumia kuwapima manahodha wawili. Mmoja ana dau kuukuu livujalo, na wa pili ana jahazi jipya lenye tanga zima. Wakitoka Kismayu pamoja kwenda Lamu kwa upepo wa kaskazi, atakayetangulia kufika hakuthibitisha kitu. Lakini wakipewa vyombo viwili vilivyoundwa na fundi mmoja, kwa mbao za namna moja, wakang'oa nanga saa moja, hapo tuna haki ya kuuliza nani aliyeujua upepo zaidi.

Tusikidharau kipimo hiki, kwani kina uadilifu ndani yake. Bila ya hicho, sifa zote zingewaendea wenye mali. Aliyezaliwa penye chombo kizuri angeitwa hodari hata siku ya kufa, na aliyekosa angeitwa mzembe. Anayesema, “Mlinganisheni na aliye na chombo kama chake,” anamtetea mnyonge. Kwa hiyo sikusudii kusema kwamba kumpima mtu kwa mwenziwe ni vibaya. Nakusudia kuuliza sharti lake, maana kipimo chochote hufaa pale tu sharti lake linapotimia. Na sharti la kipimo hiki ni kwamba lile tunalodai wenzi wameshirikiana, wawe wameshirikiana kweli.

Mfano wa kwanza unatoka Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 yalikwisha kwa ajabu: madereva wawili walilingana kabisa kwa alama za adhabu, na wote wawili ni wa kampuni moja ya Datsun. Mmoja alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na wa pili Harry Källström wa Sweden. Mehta alipewa ushindi kwa kanuni iliyowekwa ya kuwatenganisha waliolingana. Mtu angeweza kusema haraka: hawa ni wenzi wa timu moja, wamelingana, basi uhodari wao ni sawa. Lakini magari yao hayakuwa ya namna moja. Mehta aliendesha Datsun 240Z, gari la injini kubwa zaidi, na Källström aliendesha Datsun ndogo ya nyumba. Jina la kampuni lilikuwa moja, vyombo vilikuwa viwili. Hapa twajifunza kwamba kushirikiana jina si kushirikiana chombo.

Na hata magari yakiwa sawasawa, njia huweza kutofautiana. Katika mashindano ya namna ya Safari magari hayaondoki pamoja, bali huondoka moja baada ya jingine. Anayetangulia hukuta changarawe zimelegea, naye huwafagilia njia wanaomfuata. Penye vumbi, anayefuata hulimeza vumbi la aliyetangulia. Na mvua ikinyesha katikati, mmoja amepita pakavu na mwingine amepita matopeni. Mtazamaji asimamaye mwisho wa njia na saa mkononi huziona dakika tu. Vumbi halionekani katika hesabu.

Mfano wa pili ni wa amri. Mwaka 2002 huko Austria, Rubens Barrichello wa Brazil alikuwa akiongoza mashindano ya Formula One, na nyuma yake alikuwa mwenziwe wa timu ya Ferrari, Michael Schumacher wa Ujerumani. Karibu na mstari wa mwisho Barrichello alipunguza mwendo akampisha mwenziwe, kwa kuwa wakuu wa timu walimwamuru. Watazamaji walizomea, na Schumacher mwenyewe akamsukumia mwenziwe kwenye daraja ya juu ya washindi. Vitabuni ushindi umeandikwa kuwa ni wa Schumacher. Sasa mtu atakayewapima wawili hawa kwa kuhesabu ushindi wao, na asiijue amri ile, atakuwa amepima nini? Schumacher alikuwa dereva mkubwa bila ya shaka, na huenda angempita mwenziwe kwa kipimo chochote cha haki. Lakini siku ile hatukuonyeshwa hilo. Aliyeamriwa kupisha hakushindwa, na aliyepishwa hakushinda. Pale ambapo mkubwa amekwisha kuchagua nani awe mbele, mashindano ya wenzi hugeuka kuwa hukumu iliyoandikwa kabla ya kesi kusikizwa.

Mfano wa tatu ni wa hesabu yenyewe. Mwaka 1988 timu ya McLaren ilikuwa na gari lililowapita wote, likashinda mara 15 katika mashindano 16. Waliokuwa wakiliendesha ni Ayrton Senna wa Brazil na Alain Prost wa Ufaransa. Senna alishinda mara 8, na Prost mara 7. Alama zote walizozipata mwaka ule zikijumlishwa, Prost alikuwa na 105 na Senna 94. Lakini kanuni ya wakati ule ilisema kwamba zihesabiwe alama za mashindano 11 yaliyo bora tu kwa kila dereva. Zikihesabiwa hivyo, Senna ana 90 na Prost ana 87, na kwa hiyo Senna ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia. Hakuna aliyedanganya. Kanuni ilijulikana tangu mwanzo, na bingwa alistahili taji lake. Lakini tazama, msomaji: watu wawili, gari moja, mwaka mmoja, na majawabu mawili. Ukithamini kushinda, Senna ni wa kwanza. Ukithamini kutoanguka, Prost ni wa kwanza. Hesabu haikutuambia uhodari ni nini. Sisi ndio tulioiambia hesabu, nayo ikaturudishia maneno yetu.

Mfano wa nne unaturudisha Kenya. Mwaka 2022 magari ya Toyota yalishika nafasi zote nne za mwanzo katika Safari: wa kwanza Kalle Rovanperä, wa pili Elfyn Evans, wa tatu Takamoto Katsuta, na wa nne Sébastien Ogier. Mwaka uliofuata, 2023, magari ya Toyota yakashika tena nafasi zote nne, na madereva ni wale wale. Lakini safari hii Ogier alikuwa wa kwanza, akifuatwa na Rovanperä, Evans na Katsuta. Aliyekuwa wa mwisho miongoni mwa wenzi amekuwa wa mbele yao wote. Je, uhodari wake uliongezeka kiasi hicho katika miezi kumi na miwili? Ogier alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia mara nane kabla ya hapo. Mwaka 2022 gurudumu lake liliharibika akapoteza dakika, na dakika hazirudi. Kipimo cha siku moja kinaweza kuwa kweli tupu juu ya siku ile, kikawa uongo juu ya mtu.

Liko na jambo la tano, nalo ni lenye kina kuliko hayo yote. Twasema wenzi wamepewa chombo kimoja, kana kwamba chombo ni kitu kikaacho vile vile tangu kuondoka hata kufika. Si hivyo. Chombo hubadilika mkononi mwa akitumiaye. Mwaka 1965 Joginder Singh, aliyekuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri, alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa gari la Mitsubishi. Katika njia kama zile, za mawe na mito, uhodari haukuwa mwendo peke yake. Ulikuwa pia kulisikiliza gari, kujua lini linaumia, na kulifikisha mwisho likiwa bado ni gari. Wawili wakiondoka na magari sawa, mmoja akalivunja lake na wa pili akalitunza, hatuwezi kusema kwamba wa kwanza alionewa na chombo. Vivyo hivyo nahodha anayeshusha tanga mapema kabla ya tufani, na mwenziwe anayekaidi mpaka mlingoti ukavunjika: walianza na chombo kimoja, wakamaliza na vyombo viwili, na tofauti hiyo ndiyo uhodari wenyewe. Kwa hiyo mpaka kati ya mtu na chombo hauko mahali pamoja siku zote. Mahali pengine chombo ni bahati ya mtu, na mahali pengine chombo ni kazi yake.

Kadhalika uhodari una nchi yake. Tangu 1953 mpaka 1971 Safari haikushindwa na dereva yeyote aliyetoka ng'ambo. Wa kwanza kufanya hivyo alikuwa Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972. Mwaka 1980 Mehta alikuwa wa kwanza, na wa pili alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, mwenziwe wa Datsun, bingwa wa Ulaya wa mwaka 1965. Je, Mehta alikuwa hodari kumshinda Aaltonen? Katika vumbi na matope ya kwetu, ndiyo. Lakini neno “katika” ndilo linalobeba uzito wote. Nahodha azijuaye njia zipitazo kati ya miamba ya Koyama, Chovai na Chula atampita mgeni mwenye chombo kama chake. Mpelekeni kwenye bahari asiyoijua, naye atakuwa mgeni. Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Methali hiyo huelezwa kuwa inatukataza kutegemea bahati ya mwingine. Mimi naona inamwonya mpimaji pia, asimhukumu mtu kwa nyota aliyowashiwa mwingine.

Sasa tuingie darasani. Hapa ndipo kipimo cha mwenzi kinapotumika kila siku, na hapa ndipo madhara yake yasipopigiwa kelele. Mwalimu husema: watoto hawa wameketi katika darasa moja, wana mwalimu mmoja, kitabu kimoja na mtihani mmoja. Aliyepata 80 ana akili kuliko aliyepata 40. Maneno haya ni yale yale ya watu wa magari: gari ni moja, kilichobaki ni mtu.

Lakini tuwaangalie watoto wa Kibajuni. Mwaka 1972 Kisomali kiliwekewa hati ya Kilatini na kufanywa lugha rasmi ya Somalia, na katika miaka iliyofuata kikawa lugha ya kufundishia shuleni. Lilikuwa jambo kubwa la heshima kwa taifa, kwani watoto wengi walisoma kwa mara ya kwanza katika lugha ya mama zao. Lakini katika Kismayu na visiwani walikuwako watoto ambao lugha ya mama zao ilikuwa Kibajuni. Hao waliketi ubao mmoja na wenzao, wakafunguliwa kitabu kile kile. Ila mwenzao alikisoma kitabu, nao walikuwa na kazi mbili, ya kujifunza lugha ya kitabu na ya kujifunza yaliyomo. Dawati lilikuwa moja. Lugha, ambayo ndiyo injini ya masomo, haikuwa moja.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na watoto wao wakakuta shule zinazofundisha Kiswahili. Mtu angedhani kwamba hapo sasa chombo kimekuwa sawa, maana Kibajuni ni Kiswahili. Hata hapo haikuwa hivyo. Mbajuni husema “chachu” pale ambapo Kiswahili sanifu husema “tatu”. Mtoto akiulizwa moja na mbili ni ngapi, akajibu kwa sauti ya nyumbani kwao, mwalimu asiyejua ataandika kosa. Na kosa hilo litahesabiwa pamoja na makosa ya mtoto asiyejua kujumlisha. Yule wa pili hajui hesabu. Huyu hajui sanifu. Karatasi itawaonyesha kuwa sawa, kama hesabu ilivyowaonyesha Mehta na Källström kuwa sawa mwaka 1973.

Wako watakaosema: tukianza kuuliza kila mtoto ametoka wapi na ana nini nyumbani, hatutaweza kumpima yeyote, na wavivu watajificha nyuma ya udhuru. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba udhuru hauna mwisho, na kwamba mtihani usiopima kitu haumsaidii hata mnyonge. Lakini kuuliza si kusamehe. Fundi apimaye mbao hukagua kwanza kama uzi wake umenyooka; hafanyi hivyo kwa kuihurumia mbao, bali kwa kuitaka kweli. Na jawabu la uchunguzi laweza kuwa kali: huenda tukaona kwamba mtoto fulani alikuwa na kila kitu alichokuwa nacho mwenziwe, na kwamba kilichopungua ni bidii yake tu. Hapo tumwambie, naye hatakuwa na pa kukimbilia.

Ninaloshauri, basi, si kuacha kupima, bali kuweka kadiri kati ya hukumu na uchunguzi. Tukiwabishania madereva barazani, hukumu ya haraka haimdhuru mtu. Senna na Prost hawapungukiwi na kitu kwa maneno yetu. Lakini hukumu iamuayo kwamba mtoto huyu aendelee na masomo na huyu arudi nyumbani, au kwamba mwalimu huyu ni hodari na huyu ni mzembe kwa kuwa darasa la pili limepita la kwanza, hukumu hiyo ni nzito, na yataka uchunguzi ulio mzito kama yenyewe. Mpimaji ajiulize walishirikiana nini hasa, na nini hawakushirikiana. Kama kulikuwa na amri au upendeleo uliompisha mmoja. Kama alipima siku moja au siku nyingi. Na kama lile analoliita uhodari ndilo hasa linalotakiwa, au ndilo lililo jepesi kuhesabika. Akiisha kujiuliza, aandike hukumu yake kwa kipimo cha ujuzi wake: asiseme “huyu ni bora kuliko yule”, bali “katika kazi hii, kwa chombo hiki, huyu amefanya vizuri zaidi”. Maneno ni machache yaliyoongezwa, lakini ndiyo yanayomwachia mtu mlango wa kesho.

Mwisho, tusisahau neno lenyewe tunalolitumia. Mwenzi, katika lugha yetu, ni mtu wa kwenda naye. Tukimfanya kuwa fimbo ya kumchapia mwingine, tutakuwa tumewapokonya wote wawili: mmoja heshima yake, na wa pili rafiki yake. Wavuvi wawili wa chombo kimoja huweza kujua vizuri kabisa nani kati yao atupaye mshipi kwa ufundi zaidi, na ujuzi huo usiwazuie kuvuta wavu pamoja. Darasa nalo linaweza kujua nani aandikaye insha vizuri, likamweka mbele ili wengine waone namna ya kuandika. Kipimo cha mwenzi kikitumika hivyo huwa ni taa. Na taa humwangazia aliye mbele na aliye nyuma.